Umeme Gani?

Waya wa Baba Mkubwa ulianzia dirishani, ukapanda juu ya paa la bati, ukavuka migomba na kuishia kwenye mkaratusi uliozidi kwa urefu miti yote ya kitongoji chetu. Aliuchambua mwenyewe kutoka kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga, akaunyoosha kwa siku mbili, kisha akampa kijana mmoja hela ya soda aupandishe mtini. Mgeni akiuliza ni wa nini, alijibiwa kuwa hiyo ndiyo barabara ya kwenda Dar es Salaam, na haina mashimo.

Hakutia chumvi sana. Sisi tulikuwa Muleba, juu ya Ziwa Victoria, na Dar es Salaam ni kama kilomita 1,000 kwa mwendo wa ndege. Simu kijijini hazikuwapo. Msiba ulitangazwa redioni, kwenye masafa mafupi, na asiyesikia tangazo alisubiri basi, na basi likafika na habari ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Kwa antena yake ya kuvuta, redio ya Baba Mkubwa ilisikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Kwa ule waya wa mita arobaini, mtangazaji aliketi nasi sebuleni.

Ninachosimulia kilitokea mwishoni mwa 1997, wakati wa mvua ambazo hata bibi zetu walijifunza kuziita El Niño. Ila kwa kweli kilianza wiki mbili kabla, kwa sauti ndogo.

Ilikuwa sauti ya nyuki. Haikukwaruza wala haikukatika. Ilikuwa nzzzz moja ndefu nyuma ya maneno ya mtangazaji. Asubuhi ilikuwa hafifu. Jioni, watu wakiwasha taa na duka la jirani likiwasha jokofu la soda, nyuki wakawa mzinga mzima. Baba Mkubwa akasema, "Umeme unasumbua."

Mama Mkubwa alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso. "Umeme gani?"

"Umeme ni umeme," akajibu, na kesho yake akaongeza mita kumi za waya.

Waliouita umeme wa kwenye nyaya kwa jina la ule wa mawinguni hawakukosea, maana kweli ni kitu kimoja. Wenzetu wa ng'ambo walihitaji majaribio ya Benjamin Franklin, pamoja na kile kishada alichokirusha kwenye wingu la mvua mwaka 1752, ndipo wakubali. Sisi tumelipokea jambo hilo likiwa limekwisha kuwekwa ndani ya neno. Lakini neno moja lililobeba vitu viwili lina gharama yake. Redioni, umeme wa wingu na umeme wa nguzo husema lugha mbili, na anayeviita vyote "umeme" kisha akanyamaza amejinyima habari aliyoletewa mlangoni.

Wingu husema kwa vipande. Kila mmweko wa radi ni ukelele wa mawimbi ya redio unaotoka kwa mara moja katika masafa yote, wenye nguvu kubwa chini na unaopungua kadiri unavyopanda. Ndiyo sababu masafa ya kati na masafa mafupi huumia, nayo FM, iliyo juu sana, hupona. Tena FM hubeba sauti kwa kubadilisha kasi ya mtetemo wa mawimbi badala ya ukubwa wake, hivyo chombo cha kupokelea hukata vilele vyote vinavyozidi, na radi nyingi hukatwa pamoja navyo. Kwenye redio yetu ya masafa mafupi hapakuwa na wa kukata kitu. Radi ilisema kr! Ikanyamaza. Ikasema kr-kr! Ikanyamaza tena.

Nguzo haina pumzi kama hiyo. Umeme wa nyumbani hugeuka mara 50 kwa sekunde, na katika kila mgeuko hufikia kilele mara mbili. Mahali ambapo waya umelegea au kikombe cha kauri kimepasuka, cheche huruka kwenye kila kilele, yaani mara 100 kwa sekunde, na sikio la binadamu haliwezi kuzihesabu cheche 100. Linasikia nyuki.

Kujua nyuki hao wanatoka wapi si kazi ya mtaalamu. Tia betri redioni, kisha zima meni swichi. Wakifa, ubovu uko ndani ya nyumba yako mwenyewe: soketi iliyolegea, chaja mbovu, swichi inayochoka. Wakiendelea, toka nje na redio mkononi ufuate nyaya. Mahali watakapopiga kelele kuliko pengine pote, simama mbali na nguzo, inua macho, kisha nenda ukawaite watu wa umeme. Mama Mkubwa alilifanya jaribio hili bila kukusudia. Alikwenda shamba na redio ndogo ya betri (betri zetu tulizianika juani zikichoka, tukazibana upya kwa karatasi ya sigara), na alipopita chini ya nguzo ya dukani redio ikapiga yowe. Aliporudi akamweleza mumewe. Baba Mkubwa alifurahi sana. "Si nilikwambia? Umeme."

Mvua ya kwetu ina tabia yake. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote za ziwa na kukutana katikati ya maji, hewa ikapanda, mawingu yakajijenga gizani, kisha upepo wa mashariki ukayasukuma kuja kwetu. Kwa hiyo watu wa Kisumu na Kakamega, ng'ambo ya pili, huiogopa radi ya alasiri. Watu wa Bukoba na Muleba huamshwa nayo.

Asubuhi ile tuliamka kabla yake. Rafiki wa Baba Mkubwa, aliyesoma naye na kufundisha naye shule moja, alikuwa mgonjwa Dar es Salaam. Usiku jirani alikuja kusema kwamba amesikia redioni jina linalofanana na lake, hana hakika. Matangazo ya vifo yangerudiwa asubuhi. Saa kumi na moja Baba Mkubwa alikuwa tayari kitini, koti begani, sikio la kushoto likiwa karibu na spika.

Tangu hapo redio ilikuwa ikisema kr. Mara moja kwa dakika, pengine chini ya hapo. Usiku hilo si jambo la kutisha, kwa sababu gizani mawimbi husafiri mbali na mkwaruzo unaweza kutoka kwa radi iliyoko Kongo ndani huko. Lakini kukicha, mikwaruzo ya mbali hupungua, na inayobaki ni ya jirani. Yetu haikupungua. Iliongezeka. Saa kumi na mbili kasoro tulianza kuona mwanga dirishani, na kila mwanga ulikuja na kr yake kwa wakati uleule, bila kupishana hata kidogo.

Mama Mkubwa akaamka na kufanya yote aliyofundishwa na mama yake. Akafunika kioo kwa kanga mbili. Akaondoa shuka jekundu kitandani na kulificha sandukuni. Akatukataza watoto kusimama mlangoni. Nyumba nzima ikawa imejihami, isipokuwa ule waya wa mita hamsini uliofungwa kileleni mwa mti mrefu kuliko yote, ukashuka mpaka mezani, kando ya kikombe cha chai. Simcheki. Nami niliona kioo kikifunikwa nikajisikia salama.

Mtangazaji akafika kwenye matangazo ya vifo. "...anasikitika kutangaza kifo cha—" kr! "...kilichotokea—" kr-kr! Baba Mkubwa akaongeza sauti. Akaongeza tena mpaka kitufe kikagota. Nyuki wakajaa chumba, radi ikawa kama bati linalopasuliwa, na jina likapotea katikati. Mtangazaji akaendelea na marehemu mwingine. Baba Mkubwa akasema watarudia mwishoni.

Nilikuwa darasa la tano na mwalimu alikuwa ametufundisha kuhesabu. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Unaona mwanga, unaanza moja, mbili, tatu, na ngurumo ikifika unagawa kwa tatu. Nilihesabu kumi na tano: kilomita tano. Nikahesabu kumi na mbili. Nikahesabu saba. Nilikuwa nafurahia hesabu. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anayesikia ngurumo, hata ya kwanza na hafifu kabisa, tayari yumo ndani ya eneo ambalo radi inayofuata inaweza kuangukia.

Nilipohesabu nne, Mama Mkubwa alisema, "Mzee, zima kitu hicho."

Akazima. Akabonyeza swichi ya redio, nyuki wakafa, tukasikia mvua ikija juu ya migomba. Kisha akafikiri kidogo, nadhani aliukumbuka waya, akanyoosha mkono auchomoe.

Swichi ya redio inapofunguka huacha mwanya wa milimita chache tu. Ili umeme uruke milimita moja ya hewa kavu unahitaji kama volti 3,000. Radi imekwisha kuruka kilomita kadhaa za hewa hiyohiyo kabla haijafika kwako. Milimita chache haitazihesabu hata kuwa kizingiti. Kuzima redio na kuuacha waya ni sawa na kufunga mlango kwa pazia. Na kuushika waya wakati ule, ngurumo ikiwa imefika sekunde nne tu baada ya mwanga, ni kwenda kumpokea mgeni mkono kwa mkono.

Mkono wake ulibakiza kama shubiri moja.

Ngurumo sikuisikia. Nilisikia mlio mfupi kama wa fimbo, nikaona chumba kikiwa cheupe hadi chini ya meza, halafu harufu kali ya kitu kilichoungua. Baba Mkubwa alikuwa sakafuni. Redio ilikuwa imefumuka, spika iko huku na mbao ziko kule. Jirani aliyekuja mbio alisimama mlangoni akipiga kelele tusimguse, eti bado ana umeme. Mama Mkubwa hakumsikiliza, na alifanya vema: mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme wowote, na wengi wamekufa kwa kuachwa wakati pumzi ingeweza kurudishwa kwa kukandamizwa kifua na kupuliziwa hewa mdomoni. Yake ilikuwapo. Kiganja kilikuwa kimeungua. Sikio la kushoto halikupona tena.

Mvua ilipokatika tulikwenda kuuangalia mkaratusi. Ulikuwa umechanika kutoka kileleni hadi shinani, magamba yametawanyika mpaka kwa jirani. Fundi redio alituambia baadaye kwamba mti huo ndio uliomwokoa mtu wetu, kwani sehemu kubwa ya radi ilishukia humo, na waya ukaleta nyumbani kijisehemu tu. Waya wenyewe hatukupata hata kipande cha kufungia kuku. Ulikuwa umegeuka moshi. Juu ya dirisha ulibaki mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilisoma habari za Georg Wilhelm Richmann na nikalazimika kuweka kitabu chini. Huyu alikuwa profesa wa mji wa St. Petersburg, Urusi. Alikuwa ameweka ufito wa chuma juu ya paa, ukashuka mpaka chumbani, ili apime umeme wa mawingu kwa uzi uliokuwa ukiinuka kwenye kipimo chake. Ufito haukuunganishwa na ardhi. Mwezi wa Agosti 1753 alisikia ngurumo akiwa kwenye kikao, akakimbia nyumbani pamoja na mchongaji wa picha ili asikose kipimo. Akainama kusoma uzi. Mchongaji, aliyeponea chupuchupu, alisimulia kuwa mpira wa moto wa buluu uliruka kutoka kwenye ufito hadi kwenye paji la uso wa profesa. Ufito na paji la uso vilikuwa vimeachana kwa nafasi ya kama futi moja. Futi moja ya kwake na shubiri moja ya kwetu ni karibu kipimo kilekile.

Na ni katika mji huohuo, miaka 142 baadaye, ambapo Alexander Popov alikionyesha chombo chake, Mei 1895. Kilikuwa kijichupa cha kioo chenye vumbi la chuma, waya mrefu, na kengele. Radi ikimweka mbali, mawimbi yake hulifanya vumbi lishikamane na kupitisha umeme, kengele ikalia, na nyundo ndogo ikagonga kijichupa ili vumbi lisambae na kusubiri radi inayofuata. Mwaka huohuo kiliwekwa kwenye chuo cha misitu cha mji ule kiandike dhoruba zinazokuja, zikiwa bado makumi ya kilomita. Kati ya redio za mwanzo kabisa duniani, hii haikuwa na mtangazaji wala taarifa ya habari. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kr. Sisi tulikuwa nayo kazi hiyo bure, mezani, tukaiona kuwa ni uchafu wa sauti.

Wale nyuki nao walikuwa bado hawajamaliza.

Umeme wa kijiji ulikatika asubuhi ileile na kurudi siku ya tatu, jioni. Taa za kwetu ziliwaka nyeupe kupita kiasi, tukashangilia. Taa za nyumba ya pili zilikuwa nyekundu kama mkaa unaozimika. Baada ya dakika chache balbu zetu zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Dukani jokofu lilitoa moshi. Redio kaseti ya mwalimu, mpya kabisa, ilinyamaza na haikusema tena.

Fundi wa umeme aliyekuja aliteremka na kiungio kilichokuwa cheusi kama masizi. Transfoma hutoa fezi tatu na waya mmoja wa kurudia, nyutro, unaozishirikisha nyumba zote. Nyutro ikiwa salama, kila nyumba hupata volti zake 230 na haijui habari za jirani. Nyutro ikikatika, nyumba za fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa kwa mfuatano na kugawana volti 400 za kati ya fezi na fezi, na mgao huo hauna haki hata kidogo: aliyewasha vitu vichache hupewa nyingi, aliyewasha vingi hupewa chache. Sisi tulikuwa na balbu tatu tu. Upepo wa dhoruba ulimalizia kazi, lakini kiungio kile cha nyutro, alisema fundi akikigeuzageuza, kilikuwa kikiungua taratibu kwa siku nyingi. Kila jioni mzigo ulipozidi kilirusha cheche. Akatutazama. "Hamkusikia chochote?"

Mama Mkubwa akamjibu, "Tulisikia. Tukaongeza sauti."

Tangu hapo nimeviona vyombo vingi vikienda kwa njia moja ya hizi mbili. Watu husubiri radi ipige juu ya nyumba, kumbe radi iliyoangukia laini ya umeme kilomita kadhaa mbali hufika ndani kwa kupitia nyaya. Simu iliyo kwenye chaja, king'amuzi chenye waya kwenda kwenye dishi, redio yenye waya mtini: vyote ni Richmann. Fundi redio wa Muleba, mtu wa maneno machache, aliwafundisha wenye antena za nje waweke swichi ya pembe mbili nje ya dirisha, pembe moja ielekee redioni na nyingine kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini, na ulale umeielekeza ardhini. Kisha aliongeza kwamba hata hiyo haihimili radi ya moja kwa moja, na kwamba dawa ni kuchomoa mapema, wakati kr bado ni moja kwa dakika na watu wanakucheka. Ukichelewa, usiguse kitu. Acha kiungue.

Rafiki wa Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa amefariki. Habari ilikuja na basi, wiki moja baadaye, pamoja na picha ya mazishi.

Nilikwenda kumwona mzee mwaka juzi. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, maana nilikaa upande wa sikio bovu. Wajukuu wanasikiliza FM kwenye simu, na FM haikwaruzi, kwa hiyo haiwaambii lolote kuhusu mbingu. Yeye anayo redio ndogo ya betri, ya masafa ya kati, aliyoielekeza chini kabisa kwenye mkanda, mahali ambapo hakuna kituo chochote. Inatoa mvumo tu siku nzima, kama mvua ya mbali. Nilidhani ameisahau.

Tulikuwa tunakunywa chai ya saa tatu. Jua lilikuwa linawaka. Redio ikasema kr. Baba Mkubwa akainua kidole. Ikapita kama dakika moja, ikasema tena.

"Umeme gani huo, Baba Mkubwa?" nilimuuliza kwa utani.

Hakunijibu. Alikuwa amegeuza sikio zima kuelekea ziwani. Nilipotazama uani, Mama Mkubwa alikuwa ameshaanza kuanua nguo.